Hapa Hapapiti Gari: hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Perth juu ya njia za baiskeli za mizabibuni na msituni

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliokuja japo leo ni Jumamosi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya mazoezi ya mwili. Nitazungumza juu ya baiskeli, na zaidi ya baiskeli nitazungumza juu ya ardhi. Kazi yangu ni ufundi wa baiskeli, na jambo ninaloliona linajirudia kila wiki. Mtu wetu anapata baiskeli nzuri, amepewa na jirani au ameinunua kwa jasho lake. Anaipanda mara chache. Halafu inaegeshwa, upepo unaisha kwenye matairi, mnyororo unashika kutu. Nikimuuliza kulikoni, hasemi amechoka wala hasemi goti linamuuma. Anasema: naogopa magari.

Namwelewa vizuri. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Wapo humu waliotoka Kigoma na Kasulu, ambako baiskeli moja inabeba mkungu wa ndizi asubuhi, madumu ya maji mchana na mgonjwa usiku. Wapo ndugu zetu wa Burundi, ambao wamewaona vijana wakiteremka na mizigo ya ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura kwa kasi ya kutisha, kisha wakirudi mlimani kwa kung'ang'ania lori kwa nyuma. Watu waliokulia hayo hawawezi kuambiwa ni waoga. Lakini barabara za mji huu zimejengwa kwa ajili ya gari. Gari zito linakupita likienda kilomita 70 kwa saa, vioo vimefungwa, na dereva hakutegemea kabisa kumkuta mtu wa baiskeli hapo. Mama anayemkataza mwanawe wa darasa la tatu asiingie na baiskeli barabarani yuko sahihi, na mimi sitasimama mbele yenu kumwambia ajikaze moyo.

Nimekuja kuwaambia kwamba katika jimbo hili hili la Australia Magharibi tunaloishi zipo njia ndefu za changarawe ambazo gari haliruhusiwi kuzikanyaga. Zinapita kando ya mashamba ya mizabibu, zinaingia msituni, zinatokea tena mashambani, na mtoto anaweza kutangulia mbele ya mzazi wake kwa mbali kidogo bila mtu kupiga kelele. Njia hizo hazikutokea zenyewe. Zipo kwa sababu ukanda mwembamba wa ardhi ulibaki mkononi mwa umma wakati ambapo ingekuwa rahisi kabisa kuugawa na kuuuza. Hilo ndilo neno langu la leo, mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Nianze na njia ninayoipenda kuliko zote. Ukitoka Perth kuelekea kusini kwa gari, baada ya mwendo wa saa tatu hivi unafika wilaya ya Margaret River. Kaskazini kidogo ya mji wenyewe kuna mji mdogo unaoitwa Cowaramup. Mtautambua haraka, kwa sababu barabara kuu imepangwa sanamu za ng'ombe wa maziwa, weupe na weusi, wakubwa kama ng'ombe halisi, na watoto hawakubali kupita bila kuwapanda. Kutoka hapo inaelekea kusini njia inayoitwa Wadandi Track. Inakwenda hadi Margaret River, halafu hadi Witchcliffe, zaidi ya kilomita 20 za changarawe, kivuli na ukimya.

Wawadandi ni wenyeji wa pwani hiyo, sehemu ya taifa la Wanoongar. Tukumbuke tunapita kwa nani. Katika pango liitwalo Devil's Lair, eneo hilohilo, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu kuishi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Kila nitakachosimulia baada ya hapa, mbao, reli, zabibu, ni mambo ya juzi.

Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara wa mbao aliyeitwa Maurice Coleman Davies alianza kukata msitu kusini mwa eneo hilo, kule Karridale. Alijenga reli ya kupeleka magogo na mbao hadi gati za Hamelin Bay na Flinders Bay, na huko zikapakiwa melini. Miti yenyewe ni karri na jarrah, mbao ngumu mno, na nyingi zilikatwa vipande na kutandikwa kama matofali juu ya mitaa ya London wakati magari ya farasi yalipokuwa bado yanatawala mitaa hiyo. Mwaka 1913 serikali ya jimbo ikaichukua reli ile, na katika miaka ya 1920 ikairefusha kupitia Margaret River hadi kuunganika na Busselton. Wakati huo walikuwa wakiletwa walowezi wengi kutoka Uingereza chini ya mpango ulioanza mwaka 1921. Familia zilipewa vipande vya msitu mnene, zikaambiwa zikate miti, zing'oe visiki na kufuga ng'ombe wa maziwa. Watu wengi walikuwa wametoka mijini, hawajawahi kushika shoka. Wengi walishindwa na kuondoka mikono mitupu. Ninapopita pale huwafikiria sana wale watu, kwa sababu humu ndani tunajua maana ya kuwekwa mahali usipopajua na kuambiwa uanze maisha.

Mwaka 1957 reli ikafungwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Reli ikifa, ardhi yake inakwenda wapi? Wazee wa Mtwara na Lindi wanaijua reli ya Kusini, ile iliyojengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Tuta likaachiwa vichaka. Huku Margaret River nako vyuma viling'olewa. Lakini ule ukanda, upana wa hatua chache tu na urefu wa makumi ya kilomita, kwa sehemu kubwa ulibaki kuwa ardhi ya umma kwenye ramani. Mkulima wa kushoto hakuongezewa, wa kulia hakuongezewa. Ulikaa miaka mingi ukiota nyasi na miti michanga. Kisha watu wa pale wakaanza kuufyeka kidogo kidogo, halmashauri ikaingia, ikamwaga changarawe, ikaweka vizuizi vya kuzuia magari, na leo mimi na wewe tunapita bila kulipa hata senti.

Ukanda wa namna ile ukishauzwa hata kipande cha mita 100 katikati, njia imekufa. Barabara ya magari inaweza kuchepushwa, ikazunguka mlima, ikavunja nyumba na kulipa fidia. Njia ya baiskeli haina bajeti wala nguvu hiyo. Kwa hiyo uhai wake wote uko katika kutokatika. Mpango wa huko ni kuiunganisha njia yote kutoka Busselton hadi Flinders Bay karibu na Augusta, zaidi ya kilomita 100, na vipande vimekuwa vikiongezwa kimoja baada ya kingine.

Na kuna faida nyingine ya reli ambayo watu hawaifikirii mpaka wapande. Treni ya mvuke haiwezi mlima mkali. Wahandisi walilazimika kukata vilima na kujaza mabonde ili treni ipande polepole sana, na mwinuko huo mdogo ndio tuliorithi. Mama mwenye miaka 60 ambaye hajapanda baiskeli tangu usichana wake anaweza kutoka Cowaramup hadi Margaret River akiongea njia nzima. Nimewaona wakifanya hivyo. Mahali pachache njia inakata barabara za magari. Hapo unashuka, unatazama kulia na kushoto, unavuka, unaendelea. Zaidi ya hapo injini utakayoisikia ni ya trekta lililoko shambani.

Niseme juu ya changarawe yenyewe, maana ni ya aina yake. Ardhi ya kule ina vijiwe vya duara vya rangi ya kahawia nyekundu, vyenye chuma ndani, vidogo kuliko punje ya mbaazi au sawa nayo. Vikiwa vimetawanyika juu ya ardhi ngumu, kupanda juu yake ni kama kupanda juu ya gololi. Mgeni akikunja kona kwa ghafla huku ameshika breki ya mbele, ataanguka, na ataanguka kabla hajajua. Namna ya kupita ni hii: punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Legeza viwiko. Usiukamate usukani kana kwamba unataka kukimbia. Uache uteteme kidogo, tairi litajitafutia njia. Na punguza upepo. Vijana wengi hujaza tairi mpaka likawa gumu kama jiwe wakidhani ndiyo haraka. Kwenye changarawe tairi gumu linarukaruka na kupoteza mshiko. Bonyeza kwa kidole gumba: likibonyea kidogo, hapo ni pazuri. Tairi liwe pana, milimita 40 au zaidi. Zinazouzwa madukani kwa jina la baiskeli za changarawe, zenye usukani uliokunjwa kama wa mashindano na matairi mapana, ni nzuri na ninazipenda, lakini bei yake ni kubwa. Baiskeli ya milimani ya mtumba yenye breki nzima inatosha kabisa kwa njia hizi. Nitaisema tena hiyo kwa sababu wauzaji hawataisema: inatosha kabisa.

Sasa mizabibu. Najua humu kuna waumini wasiogusa mvinyo, na wengine wamewahi kuniuliza kama inafaa kwenda huko. Tunakwenda kuona shamba. Mzabibu ni mmea wa mkulima kama kahawa ya Kilimanjaro au chai ya Kericho, na anayejua kulima atasimama pale kwa heshima.

Zabibu za Margaret River ni jambo jipya kuliko watu wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu wa kilimo aliyeitwa John Gladstones aliandika kwamba hali ya hewa ya pale inafanana na ile ya Bordeaux, Ufaransa, na akasema mizabibu ingestawi. Mwaka 1967 daktari mmoja wa moyo kutoka Perth, Tom Cullity, akapanda shamba la Vasse Felix. Kabla ya hapo lilikuwa eneo la ng'ombe na magogo, watu wakihangaika. Gladstones aliwaelekeza wakulima watafute udongo wenye changarawe ile ile niliyowaambia, mahali inapoota miti ya marri. Changarawe inapitisha maji, mizizi haiozi, inashuka chini kutafuta. Kwa hiyo kile kinachokutelezesha wewe chini ya tairi ndicho kinachoustawisha mzabibu ng'ambo ya uzio.

Mti huo wa marri nataka niuzungumzie kidogo. Ni jamii ya mikaratusi, gome lake limepasukapasuka, na mara nyingi unatoa utomvu mwekundu kama damu unaotiririka shinani. Tunda lake ni gumu, la mbao, na huanguka njiani kwa wingi, basi likae machoni kwenu maana linaweza kulipotosha tairi la mbele. Kasuku wakubwa weusi wa msitu ule hulitafuna kutafuta mbegu, na ukisikia vitu vinadondoka kutoka juu kama mtu anakutupia mawe, tazama juu, utawaona. Marri huchanua Februari na Machi. Na Februari na Machi ndipo zabibu zinapoiva. Kuna ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, jamaa wa karibu wa wale wenye miwani nyeupe tunaowaona kwetu kwenye miti ya bustani. Ndege huyu anapenda maji matamu ya maua ya marri. Mwaka ambao marri imechanua vizuri, anabaki msituni na wakulima wanalala. Mwaka ambao maua ni haba, anahamia kwenye zabibu kwa makundi, anatoboa punje moja moja, na shamba linaharibika. Ndiyo maana mkienda wakati huo mtaona safu kwa safu za mizabibu zimefunikwa nyavu nyeupe, kilomita za nyavu. Mkulima wa zabibu, kila mwaka, anautazama msitu kwanza ili ajue atavuna nini. Nimezungumza na wafanyakazi wa mashamba pale, na hawazungumzii msitu na shamba kama vitu viwili.

Ndiyo sababu njia hii inanigusa kuliko za mashambani peke yake au za msituni peke yake. Unapita mpakani. Mkono wa kushoto mizabibu imenyooka, nyaya, nguzo, na majira ya baridi kondoo wakila nyasi katikati ya safu, wapogoaji wamevaa makoti wakikata matawi ya mwaka jana. Mkono wa kulia mikaratusi mirefu inaziba mbingu. Kandokando ya mji wa Margaret River kuna Hifadhi ya Taifa ya Wooditjup, ambayo zamani iliitwa Bramley, na ukiingia humo hewa inabadilika, inakuwa baridi na nzito yenye harufu ya majani yaliyolowa.

Kwetu mkaratusi ni mti wa kupandwa, wa nguzo za umeme na kuni za kukaushia tumbaku na chai, na wengi wetu tumekua tukiambiwa unakunywa maji ya majirani. Ulitoka huku. Huku ndiko nyumbani kwake, na nyumbani kwake ni mti mwingine kabisa. Karri hufika mita 80 na zaidi, gome lake laini lina rangi ya krimu na waridi, na chini yake kuna maua, kangaga, vyura, ndege. Kusini ya Witchcliffe, katika msitu wa Boranup, karri yote mnayoiona imeota upya baada ya Davies na watu wake kuufyeka msitu ule zaidi ya miaka 100 iliyopita. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza sikuamini, kwa sababu miti ile ni mirefu kuliko jengo lolote nililowahi kuliona kijijini kwetu au hata mkoani. Na tangu mwanzo wa mwaka 2024 serikali ya jimbo hili imekomesha ukataji wa kibiashara wa miti ya misitu ya asili. Ninalisema hilo kwa furaha.

Lakini msitu huo una ugonjwa, na hapa naomba kila mtu anisikilize, hata wale watakaosahau mengine yote. Kuna kimelea cha udongoni kiitwacho Phytophthora cinnamomi, na wenyeji huuita ugonjwa wake dieback. Kinashambulia mizizi ya jarrah, banksia na mimea mingine mingi ya asili, mmea unashindwa kunywa maji, unakauka umesimama. Hakuna dawa ya kukiondoa msituni. Kinasafiri kwa matope. Tope kidogo chini ya kiatu, tope kwenye meno ya tairi, linatosha kukihamisha kutoka bonde lililougua hadi bonde lisilo na ugonjwa. Ndiyo maana kwenye njia za misitu ya huku mtakuta vituo vidogo vyenye brashi na mahali pa kusafishia viatu na magurudumu. Vingine vina dawa ya kupulizia. Msivipite. Simama, pindua baiskeli, kwangua tope lote kwanza mpaka tairi liwe safi, kisha pulizia. Tope likibaki, dawa haifiki. Ni kazi ya dakika tatu. Tena siku za mvua kubwa, udongo ukiwa umelowa chepechepe, mimi nabaki kwenye njia iliyomwagwa changarawe, siingii vichochoroni msituni. Watoto wafundisheni hili kabla ya kuwafundisha kubadili gia.

Na moto. Novemba 2011, karibu na Margaret River, moto uliowashwa kwa mpango ili kupunguza majani makavu uliponyoka ukateketeza nyumba za watu kule Prevelly. Kiangazi, kabla ya kutoka, fungueni tovuti ya dharura ya jimbo muone kama kuna onyo. Ikiwa siku imetangazwa kuwa ya hatari kubwa ya moto, hakuna safari. Tutakwenda siku nyingine.

Nawapa mfano mmoja kutoka mbali, upesi. Kule Australia Kusini, katika bonde la Clare, kulikuwa na reli iliyopita katikati ya mashamba ya zabibu. Februari 1983 moto mkubwa wa Jumatano ya Majivu uliunguza eneo lile na kuiharibu reli, na haikufufuliwa. Wenyeji, wakiwemo watengenezaji wa mvinyo wenyewe, wakataka ukanda ule uwe njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 njia ikafunguliwa, Riesling Trail, zaidi ya kilomita 30 kuanzia Auburn na kuendelea kaskazini ya Clare. Leo nyumba za wageni, mikahawa na wakodisha baiskeli wa bonde lile wanaishi kwa wageni wanaokuja kupanda kwenye njia hiyo. Wakulima hawakuiogopa njia iliyopita mlangoni pao. Waliiomba.

Wengi wenu mtasema: Margaret River ni mbali, petroli ni ghali, wikiendi nina zamu. Basi tuje nyumbani. Mashariki ya Perth, ukishuka treni Midland, uko karibu kabisa na mwanzo wa njia nyingine ya changarawe, Railway Reserves Heritage Trail, mzunguko wa kilomita 41 unaopanda milimani hadi Mundaring na kurudi. Nayo ni reli iliyokufa. Ilijengwa kuanzia miaka ya 1880 kupandisha treni za kwenda bara, na sehemu yake ya mwisho ikafungwa mwaka 1966 treni zilipohamishiwa bonde la mto Avon. Kutoka Mundaring hiyohiyo inaanza Munda Biddi, zaidi ya kilomita 1,000 za njia ya baiskeli msituni hadi Albany, iliyokamilika mwaka 2013, ikiwa na vibanda vya kulala bure njiani. Vijana wenye nguvu, hiyo ni yenu. Na chini ya milima, upande wa magharibi, limelala bonde la Swan, ambako mizabibu ilianza kupandwa tangu miaka ya 1830, zamani sana kabla ya Margaret River.

Kwenye mzunguko ule kuna handaki la Swan View, mita 340, lililochimbwa kwenye mwamba katika miaka ya 1890. Wahandisi waliona mwamba umejaa nyufa, wakalijengea matofali ndani, na matofali yakalifanya jembamba. Treni ikipanda imelemewa, moshi wake ulikosa pa kutokea. Mwaka 1942 wafanyakazi wa treni moja walizidiwa na moshi humo ndani, treni ikarudi nyuma bila mtu wa kuiongoza na kuanguka, na dereva akafa. Leo tunapita humo kwa baiskeli. Katikati ni giza la kweli, maji yanadondoka, na watoto hupiga mayowe kusikia mwangwi. Nawaacha wapige. Ila huwa nawasimulia kwanza habari ya yule dereva, kwa sababu naamini mtu akipita mahali alipofia mwenzake kazini inampasa ajue.

Kwa wale wa reli ya kati: reli za huku zilikuwa za upana wa futi 3 na inchi 6, pana kidogo kuliko ile ya mita moja iliyotuleta kutoka Kigoma. Mzee mmoja wetu aliyefanya kazi kwenye reli alisimama ndani ya handaki lile na tochi, akapapasa matofali muda mrefu, halafu akanieleza mfereji wa maji pembeni ni wa kazi gani na kwa nini umejengwa upande ule. Sikuwa nimewahi kuuona mfereji huo, na nilikuwa nimeshapita hapo mara nyingi.

Nina ombi moja kabla ya maelezo ya safari. Halmashauri za miji yetu hutangaza mipango yao ya njia na kuomba maoni ya wakazi. Maoni yanaweza kuandikwa na mtu yeyote anayeishi hapa, hata ambaye hajapata uraia. Kila ninaposoma orodha ya waliotoa maoni sioni watu wetu. Tukitaka njia isiyo na magari ifike kwenye mitaa tunayokaa sisi, ambako kodi ni nafuu na barabara ni pana na kali, lazima tuandike. Atakayeona Kiingereza kinamsumbua aje kwangu au kwa vijana wa darasa la kompyuta, tutaandika pamoja na atasaini jina lake mwenyewe.

Safari ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu. Tunakutana stesheni ya Midland saa mbili asubuhi. Wikiendi baiskeli zinaruhusiwa kwenye treni. Ingieni kwa utaratibu, msizibe milango. Hatutazunguka njia nzima, tutapanda hadi handakini, tutapumzika, tutakula, tutarudi kwa kuteremka. Kila mtu achukue maji, tochi, na chakula chake. Mama Sada ameahidi maandazi lakini msiyategemee peke yake. Baiskeli za kuazima zipo, za watu wazima na za watoto, na zote nimezikagua breki. Helmeti ni lazima kwa sheria ya jimbo hili, kwa mkubwa na kwa mdogo. Za watu wazima ninazo za kutosha. Mwenye mtoto asiye na helmeti aniletee mtoto hapa mbele sasa hivi kabla hamjaondoka, nimpime kichwa, nijue nitafute za ukubwa gani.